Mishororo Minane ya Phillis Wheatley

Wapenzi wa ushairi na lugha, safari hii naomba tuziweke kando kidogo tendi na mashairi yetu, tuvuke bahari hadi Marekani, na huko tuingie katika chumba cha darasa. Vijana wa sekondari wa nchi ile, wafikapo darasa la kumi na moja, aghalabu husomeshwa fasihi ya nchi yao ndani ya somo la Kiingereza, na mwalimu huanzia mwanzo: Wapuritani waliohamia New England katika karne ya 17, mahubiri yao, shajara zao na mashairi yao. Kitabu cha kiada ni kinene kama tofali, na sehemu hiyo ya mwanzo ndiyo ambayo wanafunzi wengi huivuka wakipiga miayo. Mimi niliisoma ukurasa kwa ukurasa pamoja na mjukuu wangu, nilipokaa kwa mwanangu katika jimbo la Massachusetts, baada ya kustaafu kazi ya ualimu niliyoianza siku nilipotoka chuo cha ualimu. Nataka kusema juu ya shairi moja lililomo humo, lenye mishororo minane tu, na namna lilivyofikishwa darasani peke yake, bila ya ndugu zake.

Kabla ya kulifikia, yafaa tujue ni mwanzo wa namna gani huo unaosomeshwa. Jambo ambalo kitabu cha kiada hakilisemi kwa sauti ni kwamba sehemu kubwa ya mwanzo huo haikusomwa na watu wa mwanzo. Anne Bradstreet alivuka bahari mwaka 1630 katika meli iliyoitwa Arbella, pamoja na mumewe na wazazi wake, akawa mama wa watoto wanane na mtunzi kwa wakati mmoja. Shemeji yake, John Woodbridge, alizichukua nakala za mashairi yake akaenda nazo London, na mwaka 1650 yakatoka kitabuni, yakitanguliwa na maneno ya kumhakikishia msomaji kwamba hii ni kazi ya mwanamke kweli, na kwamba saa za kutunga alizikata katika usingizi wake, hakuzikata katika kazi za nyumba. Baadaye Bradstreet alitunga shairi la kukisema kitabu hicho kama mama amsemavyo mtoto aliyetolewa barazani na matambara yake, hajaogeshwa wala hajavishwa. Lakini shairi lake ambalo vitabu vya shule hulipenda sana, lile la kuungua kwa nyumba yake mwezi Julai 1666, lilikaa katika daftari la familia mpaka mwaka 1867 ndipo lilipochapishwa. Miaka mia mbili daftarini!

Edward Taylor naye, mchungaji wa mji mdogo wa Westfield, alifariki mwaka 1729 akiwa hajulikani kabisa kuwa mshairi mkubwa. Miswada yake iligunduliwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1937, na mashairi yakatoka kitabuni mwaka 1939. Sisi tuliorithi Chuo cha Herekali cha Mwengo wa Athumani kwa muswada wa hati za Kiarabu wenye tarehe inayolingana na mwaka 1728, wakati Taylor bado yu hai, tunaielewa habari hii bila ya kufafanuliwa. Shairi laweza kuwa la kale na kitabu chake kikawa kipya.

Kilichochapishwa mapema ni kitabu cha kuimba. Mwaka 1640, huko Cambridge ya Massachusetts, wachungaji waliojua Kiebrania waliitoa tafsiri mpya ya Zaburi kwa mashairi, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kuchapishwa katika makoloni ya Kiingereza ya Amerika ya Kaskazini. Zilipigwa chapa nakala 1,700. Zinazojulikana kuwapo leo ni 11, na moja kati ya hizo iliuzwa mnadani New York mwaka 2013 kwa zaidi ya dola milioni 14. Katika utangulizi wao wafasiri walisema wazi kwamba walijali uaminifu kwa maandiko kuliko urembo wa lugha, na kweli mishororo mingine inakwenda kwa kuchechemea. Walimu hukitaja kwa sentensi moja. Mimi ningekipa juma zima, kwa sababu ya mizani yake.

Zaburi nyingi za kitabu hicho zimefuata bahari moja: mshororo wa kwanza mizani 8, wa pili 6, wa tatu 8, wa nne 6, na vina hukutana mwishoni mwa wa pili na wa nne. Mtu yeyote aliyelelewa na utenzi atazisikia zile 8 mara moja, kisha atashtushwa na zile 6, kama mtu aliyekanyaga ngazi fupi kuliko alivyotazamia. Tofauti ni kwamba Kiingereza hakiridhiki na hesabu ya silabi peke yake. Mkazo wetu una makao yake katika silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo tunaweza kuuacha ujiangalie wenyewe. Mkazo wao hurukaruka, na mshairi hana budi kuupanga: silabi nyepesi, silabi nzito, nyepesi, nzito. Nilimwambia mjukuu wangu aiweke kalamu chini apige meza kwa kidole kila penye uzito. Alipiga vipigo vinne, kisha vitatu, kisha vinne, kisha vitatu, na tangu siku hiyo Wapuritani wakaacha kuwa watu waliokufa. Wakawa watu waliokuwa wakiimba katika jengo la mbao lenye baridi kali.

Sasa tuwaendee Waafrika. Tarehe 25 Agosti 1746, wapiganaji wa Waabenaki waliwashambulia watu waliokuwa wakivuna majani makavu katika konde moja la Deerfield, magharibi mwa Massachusetts. Lucy Terry, msichana aliyetekwa Afrika akiwa mtoto na sasa ni mtumwa katika nyumba moja ya mji huo, akalitungia tukio hilo shairi la mishororo 28. Anawataja waliouawa kwa majina, mmoja mmoja, pamoja na namna kila mmoja alivyokutwa na mauti. Hata mwanamke aliyeponzwa na sketi zake asiweze kukimbia ametajwa. Shairi hilo halikuandikwa na mwenyewe popote tunapopajua. Watu wa Deerfield walilihifadhi vichwani, wakalighani kizazi kwa kizazi, mpaka lilipotokea katika kitabu cha historia ya eneo hilo mwaka 1855. Ni miaka 109. Mwenyewe alikwisha kufariki mwaka 1821, akiwa mwanamke huru. Wahakiki kadhaa wameliita shairi la kitoto. Nadhani waliohukumu hivyo walilisoma kwa macho. Shairi lililotungwa ili likumbukwe lina kazi yake, na hili liliifanya kazi hiyo kwa zaidi ya karne moja bila ya karatasi.

Phillis Wheatley ni habari nyingine, kwa kuwa yeye aliandika, tena aliandika sana. Alifikishwa Boston mwezi Julai 1761 katika meli ya watumwa. Umri wake ulikadiriwa kuwa miaka saba au minane, kwa kuwa meno ya mbele yalikuwa yakimng'oka. Alinunuliwa na fundi cherehani na mfanyabiashara, John Wheatley, awe mtumishi wa mkewe Susanna. Jina la ukoo alipewa la bwana wake. Jina la kwanza alipewa la meli. Naomba msomaji alitue hilo kidogo moyoni: kila aliyemwita mtoto yule mezani au jikoni alilitaja jina la chombo kilichomtoa kwao.

Kwa ushuhuda wa bwana wake, miezi 16 baada ya kufika alikuwa anazisoma sehemu ngumu za Biblia. Alijifunza Kilatini pia. Mwaka 1767 shairi lake la kwanza likatoka gazetini huko Newport, na mwaka 1770 tanzia yake ya kumlilia mhubiri George Whitefield ikamtangaza pande zote mbili za bahari ya Atlantiki. Bahari aliyoipenda ni ile iliyotawala Uingereza wakati ule: mishororo ya silabi 10 yenye mikazo mitano, inayokwenda miwili miwili kwa kina kimoja. Kwa istilahi zetu tungesema ni tathnia zilizounganishwa bila ya kukata beti.

Mwaka 1772 lilitolewa tangazo Boston la kutafuta watu wa kukilipia kitabu chake kabla hakijapigwa chapa, na wanunuzi hawakutosha. Kitabu kikaenda London, kikatoka mwaka 1773. Ndani yake palitiwa tamko lenye saini za waungwana 18 wa Boston, akiwamo gavana Thomas Hutchinson, John Hancock ambaye miaka mitatu baadaye angelitia saini Tangazo la Uhuru, wachungaji kadhaa, na bwana wake mwenyewe. Walithibitisha kwamba mashairi haya yametungwa na msichana huyu Mwafrika. Katika madarasa husimuliwa kisa cha kuvutia, kwamba waungwana hao waliketi chumbani wakamhoji kama wazee wa baraza. Hakuna hati yoyote ya kikao hicho iliyopatikana. Kilichopo ni tamko na saini. Binafsi naona saini zenyewe ni nzito kuliko kisa. Bradstreet alihitaji shemeji wa kusema kwamba mwanamke anaweza kutunga. Wheatley alihitaji watu 18 wa kusema kwamba Mwafrika anaweza.

Katika kitabu hicho ndimo limo shairi la mishororo minane, juu ya kuletwa kwake Amerika kutoka Afrika. Alilitunga mwaka 1768, akiwa na umri wa miaka kumi na minne au kumi na mitano hivi. Ni fupi, linaenea katika nusu ukurasa, na nadhani ufupi huo ndio uliolipa safari ndefu: kitabu cha kiada kina nafasi ndogo. Katika miaka ya 1960 na 1970 baadhi ya wahakiki weusi wa Marekani walimlaumu Wheatley kwa shairi hili kuliko jingine lolote, wakisema amewabembeleza waliomtumikisha. Si lawama ya kupuuzwa. Nusu ya kwanza ya shairi inasema kwamba ni rehema iliyomtoa katika nchi ya wasiomjua Mungu, ikaifundisha roho yake gizani kwamba kuna Mungu na kuna Mwokozi.

Mjukuu wangu alirudi nyumbani na karatasi ya maswali. Swali la tatu liliuliza mtunzi anauonaje utumwa, na chini yake palikuwa na mistari miwili ya kujazia jibu. Katika darasa lao yeye ndiye pekee ambaye wazazi wake wametoka Afrika. Aliniambia kwamba shairi liliposomwa kwa sauti, wenzake wawili waligeuka kumtazama. Kisha akaniuliza, "Bibi, huyu dada alikuwa anawashukuru?"

Sikumjibu papo hapo. Nilimwambia tuhesabu. Mishororo minane, tathnia nne. Mbili za kwanza anasema "mimi". Katika ya tatu, ghafla, wanaingia watu wengine: wapo, anasema, wanaotutazama kwa jicho la dharau na kuiita rangi yetu ya kishetani. Zile "mimi" zimegeuka "sisi", na neno baya la rangi limewekwa kinywani mwa hao wengine, yeye hajalikubali. Katika tathnia ya nne kitenzi kinageuka kuwa amri. Mtumwa wa miaka kumi na minne anawaamuru Wakristo wakumbuke! Wakumbuke kwamba watu weusi kama Kaini nao waweza kutakaswa wakajiunga na msafara wa malaika. Tena Kiingereza cha mshororo huo kimepangwa kwa koma kiasi kwamba Wakristo na Weusi wamekaa bega kwa bega, na weusi wa Kaini waweza kumwangukia yeyote kati yao. Koma hizo si za bahati.

Ipo na jinasi, na hapa wapenzi wa mafumbo mtanielewa upesi. Kwa Kiingereza jina la Kaini na neno la muwa wa sukari vina sauti moja, na kitenzi cha kutakasa nafsi ndicho hicho hicho cha kusafisha sukari. Neno alilolitumia kwa rangi lina sauti moja na neno la kufa. Wapo wahakiki wanaosikia humo mashamba ya miwa yaliyowala Waafrika, na viwanda vilivyotia sukari katika vikombe vya chai vya Boston. Mwingine atasema huku ni kulazimisha. Mimi, niliyefundisha mashairi ya watu waliosema bandari wakimaanisha moyo, siwezi kuliona neno lenye sauti mbili kinywani mwa mtumwa nikadhani hakuisikia ya pili.

Hata hivyo, sikutaka mtoto ategemee jinasi peke yake kumtetea mtu. Katika kitabu kile kile cha 1773 limo shairi refu zaidi alilomwandikia Earl wa Dartmouth, waziri wa Uingereza aliyeshughulikia makoloni. Humo anamwambia kwamba akistaajabu mapenzi yake ya uhuru yametoka wapi, basi ajue kwamba yeye mwenyewe alinyakuliwa Afrika angali mtoto, na afikirie uchungu uliomkata baba aliyeporwa mwana. Kisha anauliza atafanya nini mtu aliyeonja hayo isipokuwa kuwaombea wengine wasiuonje udhalimu. Na baada ya kuachwa huru mwishoni mwa 1773, alimwandikia barua Samson Occom, mchungaji wa kabila la Wamohegani. Barua ilitoka gazetini Connecticut mwezi Machi 1774. Alisema Mungu ametia katika kila kifua cha mwanadamu chembe isiyostahimili kuonewa, inayohema kutaka ukombozi. Na kuhusu wapigania uhuru wanaomiliki watumwa, alisema kwa kejeli ya upole kwamba haihitaji mwanafalsafa kuona jinsi maneno yao na matendo yao yanavyopingana. Barua hiyo ni fupi mno. Ingeenea katika nusu ukurasa uliobaki.

Mjukuu wangu aliandika jibu lake, likapita ile mistari miwili, likageukia nyuma ya karatasi. Mwalimu wake aliandika pembeni kwa wino wa kijani, akiuliza barua hiyo inapatikana wapi. Nilimpenda mwalimu huyo kwa swali lake.

Nisimpambe Wheatley kupita kiasi. Nyingi katika kazi zake ni tanzia, na tanzia zake hufuata njia moja: marehemu yuko mbinguni, waliobaki wafute machozi. Ukizisoma tano mfululizo unaanza kuchoka. Lakini hukumu iliyomtesa zaidi haikutoka kwa msomaji aliyechoka. Thomas Jefferson, katika kitabu chake juu ya Virginia kilichochapishwa kwanza Paris mwaka 1785, alisema dini ilimzaa Wheatley lakini haikuweza kumzaa mshairi, na kwamba kazi zake hazistahili hata kukosolewa. Sisi huku mtu akiliita shairi guni tunamtaka aonyeshe: mizani imevunjika mshororo wa ngapi, kina kimepotea wapi? Jefferson hakuonyesha hata silabi moja. Vitabu vya shule huyataja maneno yake mara kwa mara, nami sina tatizo, mradi mwalimu amwulize mwanafunzi ushahidi uko wapi.

Mjini Boston, katika barabara ya Commonwealth, ipo sanamu yake tangu mwaka 2003, pamoja na za Abigail Adams na Lucy Stone. Ameketi, kidole shavuni, anawaza. Tulikwenda kumwona siku ya baridi, na mjukuu akamvua theluji begani.

Maisha yake ya mwisho yalikuwa magumu. Mwaka 1778 aliolewa na John Peters, mtu mweusi huru. Mwaka 1779, katikati ya vita, alitangaza gazetini kitabu cha pili: mashairi 33 na barua 13, kikiwa na tabaruku kwa Benjamin Franklin. Wanunuzi hawakutosha, kama mara ya kwanza, na safari hii hapakuwa na London ya kukimbilia. Alifariki Boston tarehe 5 Desemba 1784, akiwa na umri wa miaka thelathini na kidogo. Mwezi Februari 1785 mumewe alitoa tangazo katika gazeti la mji huo, akimwomba mtu aliyeuazima muswada wa mashairi ya marehemu aurudishe upesi, kwa kuwa kazi zake zote zinakusudiwa kuchapishwa. Mashairi machache kati ya yale 33 yalionekana katika magazeti na barua. Muswada wenyewe haujarudishwa.